Barua ya Wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Wanafunzi wa Uzamili na Uzamivu Walale Wapi?

Dar es Salaam,
Julai 2025

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

Shikamoo.

YAH: MALAZI, POSHO NA MADAI YA WANAFUNZI WA UZAMILI NA UZAMIVU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Profesa, barua hii ingebaki ya ndani kama zile tatu zilizoitangulia zingejibiwa. Ya kwanza tuliipeleka masjala Novemba 2023, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ninayo. Machi 2024 tuliitwa kwenye kikao tukaambiwa suala letu linafanyiwa kazi. Muhtasari wa kikao hicho hatujauona mpaka leo. Septemba mwaka huohuo tukaandika tena. Februari mwaka huu tukaandika tena. Nilipokwenda kufuatilia mara ya mwisho, karani wa masjala, dada muungwana asiye na kosa lolote katika haya, alinifungulia daftari lake akanionyesha kwamba barua ilipanda kwenda ghorofa za juu siku ileile tuliyoileta. Huko juu ndiko ilikokwama.

Jina la chuo chetu silitaji humu. Nakipenda, na kila mzazi anayefikiria kumleta mwanawe hapa bado namwambia amlete. Tena wenzetu wa vyuo vingine viwili wameisoma rasimu ya barua hii wakasema wangeweza kuweka sahihi zao bila kubadilisha neno. Wewe na ofisi yako mtajua ni nyinyi mnaoambiwa, na hilo linatosha.

Niseme kwanza anayeandika ni nani. Niko mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu, nachunguza ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye muhogo. Nimezaliwa Masasi. Mama yangu ni mkulima wa muhogo, na naijua sura yake anapong'oa shina lenye majani mazuri kabisa, akaupasua muhogo wenyewe na kukuta ndani una mabaka makavu ya kahawia, hauliki wala hauuziki. Ugonjwa huu uliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapahapa kwetu, Amani kule Usambara, mwaka 1936, na mpaka leo unatula shamba kwa shamba. Ndio ulionileta chuoni. Nalisema hili ili asije mtu akadhani barua hii imeandikwa na aliyechoka kusoma. Kusoma sijachoka.

Hoja zetu ni hizi.

1. Mahali pa kulala

Idara yetu ina mashine moja tu ya PCR, ile ya kuzalisha nakala nyingi za chembe za urithi ili zipimike, inayofanya kazi. Mchana inatumiwa na vijana wa shahada ya kwanza kwa mafunzo ya vitendo, na wahadhiri kwa miradi yao. Zamu ya mwanafunzi wa uzamivu inaanza saa mbili usiku. Hatulalamikii zamu hiyo, tumeizoea. Lakini majani ya muhogo yakishafika maabara hayangoji, na ukishaanza kazi ya kutoa chembe za urithi huwezi kuiacha katikati ukaenda kulala ukaimalizie kesho. Kwa hiyo usiku wa kawaida namaliza saa saba, saa nane.

Saa nane usiku, Profesa, mwendokasi hakuna na daladala hakuna. Chumba changu kiko Kibamba. Bodaboda kwa muda huo ananitaka elfu kumi na tano, na hiyo ndiyo hela yangu ya kula siku tatu. Kwa hiyo nalala maabara. Naunganisha viti vitatu vya plastiki, koti jeupe la maabara ndilo shuka, begi ndio mto. Mlinzi wa zamu, mzee mwenye umri wa baba yangu, ananigongea saa kumi na moja alfajiri kabla watu wa usafi hawajaingia, maana akikutwa ameniruhusu ni kazi yake inayopotea. Naosha uso kwenye sinki lilelile tunalooshea vifaa. Mle ndani mna kemikali. Ukilala humo unaamka na ladha kooni isiyoondoka kwa chai wala kwa maji mpaka adhuhuri.

Usiku mwingine nabebwa. Najua umeishi bwenini, neno hili hulihitaji kufafanuliwa, lakini wako watakaosoma barua hii ambao hawakupitia huko: kubebana ni kulala kwenye chumba cha mwenzako aliyepangiwa kitanda, wewe ukiwa huna. Vijana wa mwaka wa kwanza hubebana, na chuo hufumba jicho. Mimi nina miaka thelathini na minne. Anayenibeba ni kijana wa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, mtoto wa jirani yetu Masasi, ambaye ninamfundisha semina ya Jumanne. Mchana ananiita ticha. Usiku ananitandikia godoro dogo sakafuni katikati ya vitanda viwili, anaomba radhi kwamba ni jembamba.

Muhula uliopita karatasi yake ya mtihani ilikuja kwenye fungu langu la kusahihisha. Nilikaa nayo mbele yangu muda mrefu. Mwishowe nikaipeleka kwa mwenzangu nikamwambia anisaidie hiyo moja, na sababu sikumwambia, kwa aibu. Naomba ofisi yako iliangalie jambo hili vizuri, kwa sababu hapa suala linatoka kwenye usingizi wangu na kuingia kwenye heshima ya vyeti vyenu. Msahihishaji anayetegemea hisani ya msahihishwaji ili apate pa kulala ni hatari kwa chuo chochote. Mimi karatasi ile sikuisahihisha. Siwezi kuapa kwamba kila aliye katika hali kama yangu atafanya hivyo kila mara.

Kwa nini basi tusipange karibu na chuo? Chumba kimoja cha choo cha nje, umeme wa kuchangia, maji ya kununua kwa ndoo siku bomba likikauka, kwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka getini, nilikiulizia Mei mwaka huu: shilingi 120,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, hiyo ni 720,000. Dalali anataka ya mwezi mmoja, 120,000 nyingine. Kwa hiyo 840,000 kabla hujanunua hata kitasa. Mtu asiye na mshahara anazitoa wapi kwa mara moja? Wenzetu kadhaa walizitoa kwenye kausha damu, mikopo ya haraka yenye riba ya kuumiza. Mmoja wao alianzia kwenye programu za mikopo za simu, zile ambazo Benki Kuu ilikuja kuzipiga marufuku Novemba 2024, 69 kwa mpigo. Kwake marufuku ilichelewa: wadai walikuwa wameshampigia msimamizi wake, kaka zake na mchungaji wake kuwaambia kwamba ni mdaiwa sugu. Aliacha masomo Desemba. Alikuwa anaandika sura ya nne.

Na vyumba vipo. Hili ndilo linalouma. Bweni lililojengwa kwa ajili yetu, lenye kibao kinachosema hivyo mlangoni, tangu 2022 limepewa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Sina kinyongo na watoto hao, wengi wametoka mikoani hawajui hata kituo cha daladala, na ni haki walale ndani ya geti. Lakini tuliambiwa ni kwa muhula mmoja. Mihula sita imepita. Barua za udahili zinazotoka ofisini kwenu bado zinaandika kwamba malazi yatatolewa kulingana na upatikanaji, na watu wanauza shamba huko makwao wakiamini sentensi hiyo.

Waliojenga kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902 walikuwa wakoloni, na nyumba zile hawakuwajengea babu zetu. Lakini walijua kwamba mtafiti hulala karibu na maabara yake, wakajenga vyote viwili kwenye mlima mmoja. Miaka zaidi ya mia imepita na maarifa hayo hayajabatilika.

2. Kazi tunayoifanya bila kulipwa

Muhula wa kwanza wa mwaka huu wa masomo nilifundisha semina nne kwa wiki na kusahihisha karatasi 312. Nilifanya hivyo kwa barua iliyosainiwa na mkuu wa idara, yenye kiwango cha malipo kwa saa. Fomu ya madai niliijaza na kuipeleka Machi. Aprili nikaambiwa iko kwa mhasibu. Mei nikaambiwa imerudi kwa sababu imekosa sahihi, nikaipeleka ikasainiwa. Juni nikaambiwa mwaka wa fedha unafungwa, nisubiri Julai. Sasa ni Julai, na naambiwa madai ya mwaka uliopita yanaingia kwenye deni, na deni lina utaratibu wake.

Niko mmoja kati ya wengi. Katika sisi 143 tuliosaini barua hii, 58 wanadai fedha za kufundisha au kusahihisha. Dai la zamani kuliko yote ni la mwaka 2021, la dada aliyekwisha kuhitimu na kuajiriwa mkoani. Anasema haji tena kulifuatilia kwa sababu nauli itazidi anachodai.

Hapa naomba niseme neno gumu, Profesa, na unisamehe kama litakuwa kali. Semina zinapohitaji mtu wa kuzisimamia, chuo kinatuhesabu kama watumishi. Tunaingia kwenye ratiba na kwenye orodha ya wasimamizi wa mitihani, na tukichelewa tunaandikiwa. Siku ya malipo inapofika tunageuka kuwa wanafunzi, tunaambiwa tushukuru kwa uzoefu tunaoupata. Tungeomba chuo kichague. Kama ni watumishi, tulipwe mwisho wa mwezi kama watumishi wengine. Kama ni wanafunzi tu, basi wanafunzi wa shahada ya kwanza watafutiwe walimu, na sisi tupewe nafasi ya kuandika tasnifu zetu.

3. Ada ya kuongeza muda

Hili nitalieleza kwa mfano mmoja. Mwenzetu wa uzamili aliwasilisha pendekezo lake la utafiti akakaa miezi minane akisubiri jopo likae. Jopo lilipokaa, lilimpitisha na marekebisho madogo. Baadaye tasnifu yake ilikaa miezi mitano kwa mtahini wa nje. Miezi kumi na mitatu hiyo haikuwa mikononi mwake hata siku moja. Alipofika dirishani kuomba aendelee, mfumo ukamtolea namba ya malipo ya ada ya kuongeza muda, kwa sababu muda wake wa kawaida umekwisha. Hakuna sehemu kwenye mfumo ya kuandika kwamba ucheleweshaji ni wa ofisi. Akiacha kulipa hasajiliwi, na asiyesajiliwa haruhusiwi kutetea tasnifu.

Tunaomba muda ambao kazi ya mwanafunzi iko mikononi mwa jopo, msimamizi au mtahini usihesabiwe kwenye muda wake. Tarehe za kupokea na kurudisha zimo mafailini. Ni kazi ya kutoa na kujumlisha tu.

4. Wenzetu walio na watoto

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo. Mwanafunzi wa uzamivu aliyejifungua Februari mwaka huu, akiwa na vipindi vitatu kwa wiki kwenye ratiba ya idara, aliambiwa aahirishe mwaka mzima, na akirejea alipe upya ada ya mwaka huo. Mtoto haruhusiwi bwenini. Chumba cha kunyonyeshea chuo hakina. Aliendelea kufundisha wiki ya tatu baada ya kujifungua, mdogo wake akiwa amekaa na kichanga kwenye benchi chini ya mwembe nje ya ukumbi, na kila nusu saa anatoka kwenda kunyonyesha. Wanafunzi wake walikuwa wanamngoja kimya. Hakuna aliyelalamika.

Najua majibu tutakayopewa, maana tumeshapewa kwa mdomo. Nitayajibu kwa heshima.

La kwanza ni kwamba bajeti haitoshi. Tunaliamini. Lakini tunachokidai sehemu kubwa hakihitaji fedha mpya. Bweni limeshajengwa. Malipo ya semina yalikuwa na kiwango na kifungu wakati barua zinasainiwa, na kama kifungu hakikuwapo basi barua hazikupaswa kusainiwa. Kutoihesabu miezi ya mtahini hakugharimu hata senti. Na majengo mapya yanapanda kwenye vyuo vya umma nchi nzima kupitia mradi wa serikali wa kuimarisha elimu ya juu, HEET, dola milioni 425 zilizoidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021. Fedha hizo ni mkopo, tutaulipa sote, mama yangu wa Masasi akiwamo kila anaponunua sukari. Mradi huohuo unasomesha wanataaluma wa vyuo ngazi za uzamili na uzamivu, jambo jema sana. Sisi tusio na ajira ya chuo hatumo, na hatujaomba tuingizwe kwa nguvu. Tunaomba vitanda vinapogawanywa kwenye majengo hayo tukumbukwe.

La pili, na hili ndilo linalosemwa zaidi, ni kwamba uzamili ni wa watu wenye kazi zao, kwa hiyo wajitegemee. Huenda ilikuwa hivyo zamani, mtu akiletwa na mwajiri wake na mshahara ukiendelea. Tulihesabiana wenyewe kabla ya kuandika. Kati yetu 143, waliopewa ruhusa na waajiri na bado wanapokea mshahara ni 37. Na hao nao, wengi ni walimu wa sekondari, wanakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kurejesha mkopo wa shahada ya kwanza, kwa mujibu wa marekebisho ya sheria ya 2016. Mwalimu huyo anakatwa mkopo wa shahada ya kwanza, analipa ada ya uzamili, anapanga chumba Dar es Salaam, na watoto wako Singida wanahitaji kula. Waliobaki ni watu kama mimi. Nilikuwa nalipwa posho ya kujikimu na mradi wa msimamizi wangu, na mradi huo ulitegemea fedha za Marekani. Januari 2025 serikali ya kule iliposimamisha misaada ya nje, barua pepe ya kufungwa kwa mradi ilinifikia nikiwa shambani Newala na sampuli 90 kwenye kisanduku cha barafu. Nililipa nauli ya kurudi kwa kuuza simu. Sampuli ziliwahi friza.

La tatu ni kwamba tulijua hali hii tukasaini. Tulisaini fomu iliyotaja malazi, na barua za kazi zilizotaja malipo.

La nne ni kwamba tuende Bodi ya Mikopo. Tungeenda. Bodi ilianzishwa kwa Sheria Na. 9 ya 2004 na imewasomesha maelfu, mimi nikiwa mmojawao. Bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, ndiyo iliyonilisha miaka mitatu na sitaisahau. Lakini fedha zake huenda hasa kwa shahada ya kwanza, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 wameongezwa wanafunzi wa stashahada za fani kadhaa, jambo tulilolifurahia. Kwa mwanafunzi wa uzamili asiye na ajira ya chuo, mlango ni mwembamba mno. Jirani zetu Kenya, bodi yao ya mwaka 1995 inakopesha hata wa uzamili na uzamivu. Norway na Sweden mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida huajiriwa na chuo, analipwa mshahara, anachangia pensheni. Sisemi tufike huko kesho. Nasema Makamu Wakuu wa vyuo vya umma wakiandika barua moja ya pamoja kwa Wizara na kwa Bodi, itasomwa. Yetu haisomwi. Tunaomba mtuandikie.

Liko na la tano, ambalo haliandikwi popote ila hunong'onwa: kwamba anayelalamika ataonekana mkorofi na tasnifu yake itachelewa. Katika hao 143 wako 11 walioniomba majina yao yasionekane kwenye orodha inayoambatanishwa, na nimewatii. Sikuandika jina la msimamizi wala la ofisa yeyote. Tunaomba tu ofisi yako itamke hadharani kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa barua hii. Tamko la mistari miwili litawatoa watu wengi hofu.

Profesa, Tume ya Vyuo Vikuu inataka mhadhiri awe na shahada ya uzamivu. Wahadhiri wa chuo hiki wanastaafu kila mwaka, kwenye idara yangu peke yake wawili wanaondoka kabla ya 2027, mmojawao ni msimamizi wangu. Watakaoshika chaki zao ndio hawa wanaolala kwenye viti.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

(a) Bweni la uzamili lirudishwe kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu kabla ya muhula wa kwanza kuanza, na kama haiwezekani lote, basi nusu yake, kwa kodi ya mwezi kwa mwezi. Kipaumbele wapewe wenye kazi za maabara za usiku na wenye watoto wachanga.

(b) Wakati hilo likisubiriwa, kitengwe chumba kimoja chenye vitanda vya kupumzikia karibu na maabara, hata kama ni sita tu, na mlinzi apewe ruhusa ya maandishi ya kutufungulia. Yule mzee asiendelee kubeba hatari kwa ajili yetu.

(c) Madai yote ya kufundisha na kusahihisha yaliyohakikiwa yalipwe ifikapo tarehe 30 Septemba 2025, kuanzia la zamani kabisa, na orodha ya malipo ibandikwe. Kuanzia mwaka ujao wa masomo asipangiwe semina mtu ambaye fedha yake haijatengwa.

(d) Ada ya kuongeza muda isitozwe kwa miezi ambayo kazi ilikuwa mikononi mwa chuo, na waliokwisha kutozwa warejeshewe au wapunguziwe kwenye ada inayofuata.

(e) Mwanafunzi anayejifungua apewe siku zisizopungua 84 bila kupoteza usajili wala kulipa mwaka upya.

(f) Chuo kiandike, pamoja na vyuo vingine vya umma, kuomba dirisha la mikopo au ruzuku kwa uzamili na uzamivu, na tupewe nakala.

(g) Tupate jibu la maandishi ndani ya siku 30, lenye jina na cheo cha atakayeshughulikia kila hoja. Tukikosea mahali, tuonyeshwe. Takwimu zetu tuko tayari kuzileta na fomu zake.

Hatutagoma, na semina za muhula ujao tutaziingia kama tulivyopangiwa. Tukiitwa kwenye kikao tutakuja, ila safari hii tunaomba muhtasari usainiwe na pande zote mbili kabla watu hawajainuka kwenye viti.

Usiku wa leo zamu ya mashine ni yangu. Nina majani ya Newala 24 yaliyobaki, nitaanza saa mbili. Kama kuna ofisa angependa kuona hali ilivyo kabla ya kujibu, anakaribishwa saa nane, mlango wa nyuma wa jengo la maabara, mlinzi atamfungulia.

Nakutakia kazi njema.

Wako mtiifu,

Mwanafunzi wa uzamivu, mwaka wa tatu,
kwa niaba ya wanafunzi 143 wa uzamili na uzamivu

Nakala:
Mwenyekiti wa Baraza la Chuo
Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia
Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu
Serikali ya Wanafunzi